Kikomo cha Megabaiti 16: Kurekebisha Ukubwa wa Anwani katika Kiendeshi cha Kumbukumbu ya Flashi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ukomo wa anwani unaozikabili chipu za kumbukumbu ya flashi zenye ujazo unaozidi megabaiti 16, pamoja na namna ukomo huo ulivyoshughulikiwa katika kiendeshi cha mfumo wa Linux tangu mwaka 2010. Hoja inayojengwa ni kwamba ukomo huu si namba iliyoandikwa mahali pamoja, ambayo mtu aweza kuiongeza na kwenda zake. Ni mapatano baina ya chipu, kidhibiti chake, kiendeshi na programu ya kuwashia. Rekebisho linalobadilisha upande mmoja tu wa mapatano hayo huweza kuzaa hitilafu iliyo mbaya kuliko ile ya awali: kifaa kisichoweza kuwaka tena chenyewe. Makala yanaonesha pia jinsi jambo hili linavyowahusu wanaoandaa masharti ya ununuzi wa vifaa vya mtandao katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Ndani ya ruta, kamera ya ulinzi au redio ya mawasiliano ya masafa mna chipu ndogo, aghalabu yenye miguu minane, ambamo programu nzima ya kifaa huhifadhiwa. Chipu hiyo ni kumbukumbu ya flashi ya aina ya NOR, nayo huzungumza na prosesa kupitia basi la SPI, yaani kundi dogo la nyaya zinazopitisha biti moja baada ya nyingine kwa kufuata mapigo ya saa. Umeme unapowashwa, prosesa haijui lolote isipokuwa kwenda kwenye chipu hiyo na kusoma kuanzia anwani sifuri. Kama kilichomo hapo hakisomeki, kifaa hakina uhai, hata kama sehemu zake nyingine zote ni nzima.

Katika miaka ya karibuni programu za vifaa hivi zimenenepa. Matoleo mapya ya OpenWrt, mfumo huria wa ruta unaotumiwa duniani kote, yameziacha nyuma ruta zenye megabaiti 4 za flashi, na waundaji wa vifaa wamehamia kwenye chipu za megabaiti 16, kisha 32 na zaidi. Kuhama kutoka 4 kwenda 8, au kutoka 8 kwenda 16, hakukuwa na shida yoyote ya maana. Kuhama kutoka 16 kwenda 32 ndiko kulikokutana na ukuta. Makala haya yanahusu ukuta huo.

Namba zinazoanza na 0x humu ni za msingi wa 16, kama ilivyo desturi katika vitabu vya maelezo ya chipu.

2.0 Namba hii inatoka wapi

Neno "anwani" limeingia katika Kiswahili cha kompyuta bila kelele, na kwa kiasi kikubwa linafaa: kila baiti ndani ya chipu ina mahali pake, na anayeitaka sharti ataje mahali hapo. Lakini kuna tofauti moja ambayo neno letu la kila siku halionyeshi. Anwani ya barua yaweza kuwa ndefu au fupi, na tarishi atajua imeishia wapi kwa kuisoma. Anwani ya chipu haina alama ya mwisho. Chipu huhesabu tu mapigo ya saa: mapigo manane ya kwanza ni msimbo wa amri, mapigo 24 yanayofuata ni anwani, na baada ya hapo kila kitu ni data. Idadi hiyo ya mapigo haitajwi popote katika ujumbe wenyewe. Pande zote mbili zinatakiwa ziijue mapema.

Biti 24 ni baiti tatu, na baiti tatu haziwezi kutaja zaidi ya mahali 16,777,216. Hapo ndipo megabaiti 16 zinapotoka. Chipu hizi huuzwa kwa kuhesabu biti, si baiti, kwa hiyo chipu ya mwisho kutosheka na baiti tatu ni ile inayoitwa ya megabiti 128, na ya kwanza kushindwa ni ya megabiti 256. (Ni vyema msomaji anayekagua zabuni akumbuke tofauti hii ya biti na baiti, ni mara nane, na imewachanganya wengi.)

Waliochagua baiti tatu hawakuwa wazembe. Kiendeshi cha Linux kilichohudumia chipu hizi kwa miaka mingi kilipewa jina la chipu M25P80, ambayo ina megabiti 8, yaani megabaiti moja. Kwa chipu ya namna hiyo, baiti tatu za anwani zilikuwa nafasi mara kumi na sita ya mahitaji. Baiti ya nne ingekuwa mapigo manane ya saa yanayopotea bure katika kila usomaji, kwenye basi ambalo tayari lilikuwa la polepole. Uamuzi ulikuwa wa busara kwa wakati wake.

Ndani ya kiendeshi hicho, ukomo ulionekana katika sura mbili. Kwanza, bafa ya amri ilikuwa na nafasi ya baiti nne tu: moja ya msimbo na tatu za anwani. Pili, mstari uliojaza bafa hiyo uliikata anwani katika vipande vitatu, kila kipande biti nane, kuanzia kilicho kizito, bila kuuliza iwapo kuna kilichobaki juu. Mwaka 2010 chipu ya Macronix MX25L25635E, yenye megabiti 256, ilipoongezwa katika orodha ya chipu zinazotambuliwa, bafa ilipanuliwa kuwa baiti tano; idadi ya baiti za anwani ilikuwa tayari imegeuzwa kutoka desturi isiyosemwa na kuwa kigezo kinachohifadhiwa kwa kila chipu.

Hadithi ya jina la kigezo hicho inastahili kutajwa katika kongamano la lugha. Waandishi wa kiendeshi walikiita, kwa Kiingereza, "upana wa anwani". Baadaye chipu zikaanza kupokea anwani kwa nyaya mbili, nne au nane kwa pamoja, na neno "upana" likawa na maana nyingine kabisa: idadi ya nyaya. Anayesoma msimbo hakuweza kujua kama namba 4 ni baiti nne au nyaya nne. Mwaka 2022 watunzaji wa msimbo walikibadilisha jina kiwe "idadi ya baiti za anwani". Hakuna hata hesabu moja iliyobadilika, lakini nafasi ya kukosea ilipungua. Sisi tunaounda istilahi za Kiswahili za taaluma hii tungefanya vizuri kuanza na jina la pili.

3.0 Kinachotokea pande mbili zisipopatana

Hitilafu ya kwanza ni ya kurudi mwanzo kimyakimya. Tuseme kiendeshi cha baiti tatu kimefungwa kwenye chipu ya megabaiti 32, na mfumo wa mafaili unaomba kuandika kwenye anwani 20,000,000. Kipande cha juu cha namba hiyo hakina pa kukaa, kinaanguka, na kinachofika kwenye chipu ni 3,222,784. Ni kama mita ya kilomita ya gari kuukuu yenye tarakimu tano: baada ya 99,999 inarudi 00,000, na anayeitazama hana njia ya kujua kwamba gari limezunguka nchi mara nyingi. Chipu haitoi kosa lolote, kwa kuwa anwani iliyoipokea ni halali. Kiendeshi nacho hakitoi kosa, kwa kuwa chipu imejibu. Data imeandikwa, lakini mahali pasipo pake.

Uzito wa jambo hili unategemea tabia moja ya flashi ya NOR. Kuandika kunaweza tu kugeuza biti kutoka 1 kuwa 0. Kuirudisha kuwa 1 sharti eneo zima lifutwe kwanza, kwa kawaida kilobaiti 4 au kilobaiti 64 kwa mpigo. Kwa hiyo mfumo wa mafaili unaoanza kutumia nusu ya pili ya chipu huanza kwa kufuta. Ukiamuru kufutwa kwa eneo la kwanza la nusu ya pili, anwani 0x1000000, baiti tatu za chini za anwani hiyo zote ni sifuri, na kinachofutwa ni eneo la anwani sifuri. Hapo ndipo programu ya kuwashia inapokaa. Kifaa kitaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa sababu programu yake tayari imo katika kumbukumbu ya muda, mpaka siku kitakapozimwa. Mtumiaji atadhani kimeuawa na umeme, ilhali kilikufa wiki kadhaa kabla.

Hitilafu ya pili ni ya pande mbili kuhesabu tofauti. Ikiwa kiendeshi kinatuma baiti nne na chipu inasubiri tatu, baiti ya nne ya anwani huchukuliwa kuwa baiti ya kwanza ya data. Katika kusoma, matokeo ni takataka. Katika kuandika ni uharibifu: kipande cha anwani kinaandikwa ndani ya chipu kama kwamba ni sehemu ya faili, na kila kinachofuata kimesogea nafasi moja.

Kinyume chake ndicho kitakachotushughulisha zaidi: chipu inasubiri baiti nne, lakini anayezungumza nayo anatuma tatu. Akiomba kusoma kuanzia anwani sifuri, chipu hunyamaza kwa mapigo manane ikidhani baiti ya nne inakuja, kisha huanza kujibu. Msomaji hupata baiti moja isiyo na maana, na zinazofuata zimechelewa nafasi moja. Akiomba anwani 0x010000, yaani kilobaiti 64 kutoka mwanzo, chipu huzisoma baiti hizo tatu kama mwanzo wa anwani 0x01000000, na kumpeleka kwenye megabaiti 16. Ombi limezidishwa mara 256.

4.0 Njia tatu za kuvuka

Viwanda vya chipu vilitoa majibu matatu kwa swali hili, na si kwa pamoja wala kwa mpangilio. Kila kimoja kilianza na lililokuwa rahisi kwake.

Jibu la kwanza ni rejista ya ziada. Anwani hubaki baiti tatu, lakini chipu hupewa rejista ndogo inayoshikilia baiti ya nne. Kiendeshi huandika kwanza katika rejista hiyo kwamba "sasa tuko nusu ya pili", kisha huendelea kama zamani. Programu ya kuwashia ya U-Boot ilitumia njia hii kwa muda mrefu. Faida yake ni kwamba kidhibiti kisichojua kutuma baiti nne bado kitafaa. Hasara yake ni kwamba kila usomaji unaovuka mpaka wa megabaiti 16 sharti ukatwe vipande viwili, na rejista ibadilishwe katikati.

Jibu la pili ni kubadili hali. Kiendeshi hutuma amri 0xB7, na kuanzia hapo chipu huhesabu baiti nne za anwani kwa misimbo ileile ya zamani. Amri 0xE9 huirudisha kwenye baiti tatu. Baadhi ya chipu za Micron hudai amri ya kuruhusu uandishi, 0x06, itangulie. Chipu za Spansion zilitumia biti moja katika rejista yake, inayoandikwa kwa amri 0x17. Kwa mwandishi wa kiendeshi, njia hii ndiyo iliyovutia kuliko zote. Mstari mmoja wakati wa kuanza, na kila kitu kingine kinabaki vilevile isipokuwa urefu wa anwani. Rekebisho la mwaka 2010 lilifuata njia hii.

Jibu la tatu ni misimbo mipya. Badala ya kubadili maana ya msimbo wa zamani, chipu huongezewa misimbo ambayo daima hufuatwa na baiti nne. Kusoma kwa 0x03 kunapata ndugu yake 0x13. Kusoma kwa haraka kwa 0x0B kunapata 0x0C. Kuandika kwa 0x02 kunapata 0x12. Kufuta kilobaiti 64 kwa 0xD8 kunapata 0xDC. Na kufuta kilobaiti 4 kwa 0x20 kunapata 0x21. Chipu haikumbuki chochote kati ya amri moja na nyingine. Anayetumia misimbo ya zamani anapata tabia ya zamani, na anayetumia misimbo mipya anapata tabia mpya, hata kama ni watu wawili tofauti wanaotumia chipu moja kwa zamu.

Tofauti baina ya jibu hili la tatu na yale mawili ya kwanza ndiyo kiini cha suala zima, nayo haionekani kabisa kifaa kikiwa kinafanya kazi. Vipimo vya kasi ni sawa. Vipimo vya usahihi wa data ni sawa. Mhandisi anayejaribu mezani kwake ataona njia zote tatu zinasoma megabaiti 32 bila kosa. Tofauti inajitokeza pale tu kifaa kinapoanza upya.

5.0 Kuanza upya

Programu ya kwanza kabisa inayotekelezwa prosesa inapoamka imechomwa ndani ya prosesa yenyewe kiwandani, na haiwezi kubadilishwa. Katika prosesa nyingi za bei nafuu programu hiyo inajua baiti tatu tu. Hilo halikuwa tatizo: inahitaji kusoma mwanzo wa chipu peke yake, na mwanzo uko ndani ya megabaiti 16. Lakini inadhania, bila kuuliza, kwamba chipu iko katika hali iliyotoka nayo kiwandani.

Sasa kiendeshi kimekwisha kuiweka chipu katika hali ya baiti nne, na prosesa inaanzishwa upya. Prosesa imesahau kila kitu. Chipu haijasahau, kwa sababu umeme wake haukukatika. Programu ya kiwandani inatuma baiti tatu, chipu inasubiri ya nne, na mazungumzo yanakwama kwa namna iliyoelezwa hapo juu. Njia ya rejista ya ziada haina nafuu: rejista ikiwa imebaki kwenye nusu ya pili, programu ya kiwandani itaomba anwani sifuri na kupewa kilichopo kwenye megabaiti 16.

Mtu atasema: basi kiendeshi kirudishe chipu kwenye baiti tatu kabla ya kuzima. Kerneli ya Linux hufanya hivyo hasa. Ina hatua ya kurejesha hali ya chipu inayotekelezwa mfumo unapofungwa kwa utaratibu. Hata hatua hiyo ina mitego yake. Imebainika kuwa chipu ya Winbond W25Q256FV inapotolewa katika hali ya baiti nne, rejista yake ya ziada hujikuta na thamani 1, kwa hiyo kila usomaji wa baiti tatu unaofuata hutoka katika nusu ya pili. Kiendeshi kikalazimika kuifuta rejista hiyo mahsusi kwa ajili ya chipu za Winbond.

Lakini mfumo haufungwi kwa utaratibu kila mara. Vifaa vinavyowekwa mbali na watu, juu ya mnara au katika zahanati isiyo na fundi, huwa na saa ya ulinzi: saketi ndogo inayoihesabia programu muda, na isipopata ishara ya uhai kutoka kwayo huianzisha upya prosesa kwa nguvu. Imewekwa hapo kwa ajili ya siku programu itakapoganda. Siku hiyo hatua ya kurejesha hali ya chipu haitatekelezwa, kwa kuwa anayepaswa kuitekeleza ndiye aliyeganda. Saa ya ulinzi inaifungua prosesa kutoka kwenye mgando mmoja na kuiingiza katika mwingine ambao hauna mlinzi. Kinachosikitisha ni kwamba kifaa kisicho na saa ya ulinzi na kifaa chenye saa ya ulinzi vyote viwili sasa vinamhitaji mtu asafiri kwenda kuchomoa waya.

Kuchomoa waya, naam, huponya. Umeme ukikatika kabisa chipu husahau hali ya baiti nne na kuanza upya kama mpya. Kwa hiyo kukatika kwa umeme, ambako katika nchi zetu hulaumiwa kwa kila ugonjwa wa vifaa, hapa ni tiba. Hatari iko kwenye kushuka kwa umeme kusikofika sifuri. Prosesa nyingi zina kipimo kinachoziamuru zianze upya volti zinaposhuka chini ya kiwango fulani. Ikiwa chipu inastahimili volti za chini zaidi ya kiwango hicho, mshuko mfupi huweza kuianzisha upya prosesa na kuiacha chipu na kumbukumbu yake. Katika gridi zenye volti zinazopanda na kushuka, au mfumo wa sola wenye betri iliyochoka, hali hii si ya nadharia.

Tiba kamili iko kwenye bodi, si kwenye programu: mguu wa chipu wa kuanza upya uunganishwe na waya uleule unaoianzisha upya prosesa, ili zote mbili zisahau kwa pamoja. Katika chipu za miguu minane mguu huo mara nyingi hushirikiana na waya mmojawapo wa data, au haupo, na mbunifu wa bodi anayebana gharama huuacha. Chipu nyingi za sasa hukubali pia amri mbili mfululizo, 0x66 na 0x99, zinazoirudisha katika hali ya mwanzo. Swali ni nani atazituma, ikiwa programu pekee inayotekelezwa wakati huo ni ile ya kiwandani isiyozijua.

Watunzaji wa kerneli walibishana juu ya jambo hili kwa miaka, na uamuzi waliofikia mwaka 2018 unapendeza kwa ukweli wake. Kabla ya hapo hatua ya kurejesha hali ya chipu ilifanywa kwa kila kifaa, na hivyo kuficha ubovu wa bodi: mbunifu alijaribu kuzima na kuwasha kwa utaratibu, akaona inafanya kazi, akapeleka bodi sokoni. Tangu mwaka huo, hatua hiyo hufanywa tu kwa bodi ambayo faili yake ya maelezo inakiri waziwazi kwamba haina njia ya kutegemewa ya kuianzisha upya chipu. Na kerneli inapokuta kiri hilo, huandika onyo kwamba kifaa huenda kisiamke kikianza upya ghafla. Kwa maoni yangu huu ndio mwenendo sahihi. Kiendeshi kinachoziba pengo la maunzi kwa asilimia kubwa ya nyakati, bila kumwambia mtu, kinamdhuru mwenye kifaa kuliko kinachokataa.

6.0 Kuitambua chipu

Kama misimbo mipya ni bora kiasi hiki, mbona isitumiwe daima? Kwa sababu si kila chipu inayo, na kujua ipi inayo ni kazi. Mwaka 2011 shirika la viwango la JEDEC lilitoa kiwango JESD216, kinachoitaka chipu ibebe ndani yake jedwali la kujieleza. Humo chipu husema kama inakubali baiti tatu tu, tatu au nne, au nne tu, na jedwali jingine lililoongezwa baadaye hutaja msimbo mpya upi upo. Jedwali lenyewe husomwa kwa amri 0x5A na anwani ya baiti tatu.

Kiwango ni kitu kimoja, na soko ni kitu kingine. Macronix ilitoa chipu MX25L25635F baada ya MX25L25635E ya awali. Ile mpya ina misimbo ya baiti nne. Ile ya zamani haina. Namba ya utambulisho ambayo chipu hutoa ikiulizwa ni ileile kwa zote mbili. Kiendeshi cha Linux hakina budi kuzitofautisha kwa dalili ya kando: toleo la F hujitangaza katika jedwali lake kwamba linaweza kusoma kwa nyaya nne katika hatua zote, na toleo la E halijitangazi hivyo. Uwezo huo hauna uhusiano wowote na anwani. Ni sawa na kuwatambua mapacha kwa kuangalia nani amevaa saa.

Ukomo wa aina hii, kwa njia, haukomei kwenye chipu. Tabaka la Linux linalosimamia flashi za kila aina lilihesabu ukubwa wa kifaa kwa biti 32, yaani hadi 4,294,967,296, mpaka lilipopanuliwa kufikia biti 64 katika toleo 2.6.29 la mwaka 2009. Flashi za aina ya NAND ndizo zilizolazimisha. Njia za zamani za programu za mtumiaji kuuliza ukubwa wa kifaa ziliachwa na biti zake 32, kwa kuwa kuzibadilisha kungevunja programu zilizokwisha kusambazwa, na njia mpya zikaongezwa kando yake. Ni mantiki ileile ya msimbo 0x13 kando ya 0x03.

7.0 Kupima, na kununua

Kipimo cha hitilafu ya kurudi mwanzo ni rahisi. Huandikwa alama inayojulikana kwenye nusu ya pili ya chipu, kisha nusu ya kwanza husomwa na kulinganishwa na nakala iliyochukuliwa kabla. Kifanyike kwenye kifaa ambacho chipu yake inaweza kuandikwa upya kwa mashine ya nje, kwa kuwa kikifeli kitafuta programu ya kuwashia.

Kipimo cha kuanza upya ndicho kinachoharibiwa mara nyingi zaidi. Kuzima kwa amri ya kawaida hakupimi kitu, kwa kuwa hatua ya kurejesha hutekelezwa. Kuchomoa umeme nako hakupimi kitu, kwa kuwa chipu husahau. Kinachopima ni kuiangusha kerneli kwa makusudi ikiwa inasoma flashi, na kuiacha saa ya ulinzi ifanye kazi yake, mara nyingi mfululizo, bila mkono wa mtu kugusa waya.

Masharti ya zabuni za vifaa vya mtandao katika ukanda huu kwa kawaida hutaja ukubwa wa flashi, na hutaja kuwepo kwa saa ya ulinzi. Hayo mawili yakitajwa pekee, mnunuzi anaweza kulipia hasa mchanganyiko ulioelezwa hapa: chipu kubwa na mlinzi asiyeweza kuiamsha. Sharti linalokosekana ni moja, na linaweza kuandikwa kwa sentensi moja: kifaa kianze upya chenyewe kwa saa ya ulinzi, flashi ikiwa katika hali yoyote, bila kukatwa umeme, na msambazaji aoneshe matokeo ya kipimo. Msambazaji mwaminifu atajibu kwa kuonesha mchoro wa waya wa kuanza upya, au atasema kiendeshi chake kinatumia misimbo mipya peke yake. Akijibu kwamba mfumo wake hurejesha hali ya chipu unapozimwa, hajajibu.

Kwa vifaa ambavyo tayari vimefungwa na vina kasoro hii, na chipu zake hazina misimbo mipya, bado kuna njia moja isiyo ya kuvutia. Kiendeshi huambiwa kwamba chipu ni ya megabaiti 16, na mgawanyo wa mafaili hupangwa upya uishie hapo. Amri 0xB7 haitatumwa kamwe, na nusu ya pili ya chipu itakaa tupu. Kifaa kilichokwisha kujaza nusu hiyo kitahitaji programu iliyopunguzwa, na kazi hiyo ifanywe wakati fundi yuko mahali pa kifaa, si kwa mbali.